Baiskeli ya mbio ya chuma: kipi cha zamani kibaki, kipi kitoke

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hii mnayoiona kwenye stendi ni baiskeli ya mbio ya chuma ya miaka ya 1980, na karibu kila kilichofungwa juu yake kimetoka kwenye baiskeli nyingine zilizokwisha kazi. Nasema mapema: inafaa sana, ila fremu iwe nzima. Vipuri vinatafutika. Fremu iliyopinda itakula muda wako wote.

Angalieni stika hapa kwenye bomba la kiti: Reynolds 531. Mabomba haya ya Uingereza yalitoka mwaka 1935, chuma chake kimechanganywa na manganizi na molibdeni. Kwenye ncha, pale yanapoungana, ukuta ni mnene. Katikati ni mwembamba, chini ya milimita moja. Wepesi wake unatokana na hapo, na kwa sababu hiyohiyo mibonyeo naitafuta katikati ya bomba. Kama stika imebanduka, chomoa nguzo ya kiti uipime unene kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili. Ukipata milimita 27.2, mara nyingi ni dalili ya mabomba mazuri.

Sasa pitisha kidole hapa chini ya mabomba, nyuma kidogo ya shingo ya usukani. Ukikuta mkunjo, au rangi imepasuka mstari, hii iligonga kitu kwa mbele. Iache. Kama pako sawa, chukua uzi, ufunge kwenye sikio la nyuma linaloshika ekseli, uuzungushe shingoni, uurudishe kwenye sikio la pili. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikilingana, fremu imenyooka.

Hapa kwenye ekseli ya pedali ndipo wengi wanapoharibu fremu nzuri. Ekseli hii inakaa ndani ya neli fupi ya fremu, na kila upande inashikwa na kikombe kinachokazwa kwa hesi, yaani mistari kama ya skrubu. Kwa hesi za Kiingereza, kikombe cha upande wa mnyororo kinafunguka kinyume na mazoea: unazungusha spana kufuata mwelekeo wa mshale wa saa. Kwa hesi za Kiitaliano, kikombe hichohicho kinafunguka kama nati ya kawaida. Ukikosea, unazidi kukikaza, na mwisho unazila hesi za fremu yenyewe. Kwa hiyo pima kwanza upana wa neli ile: Kiitaliano ni milimita 70, Kiingereza ni 68. Zipo pia fremu za Kifaransa zenye 68, na hizo pande zote zinafunguka kawaida, hivyo soma maandishi kwenye kikombe kabla hujaweka nguvu.

Magurudumu. Fremu nyingi za miaka hiyo zina milimita 126 kati ya masikio ya nyuma, habu (vitovu vya magurudumu) za baadaye zina 130. Chuma kinakubali kutanuliwa milimita mbili kila upande. Alumini na kaboni usijaribu kabisa. Ukitoa rimu za inchi 27 ukaweka za saizi ya 700C, ambazo ni ndogo kidogo, raba za breki lazima zishuke milimita 4, kwa hiyo hakikisha mikono ya breki inafika.

Kwenye vipuri vya kuokoa, ninachokipenda kuliko vyote ni hivi vipini vya gia kwenye bomba la chini. Mwaka 1984 Shimano walileta gia zinazogonga hatua kwa hatua, na kila kipini cha aina hiyo kinadai gia za nyuma zinazolingana nacho. Hivi vya msuguano, visivyo na hatua, havidai chochote. Weka gia 5 nyuma, weka 7, unasogeza mpaka mnyororo unyamaze. Kwa mtu anayeunga vipuri vya asili tofauti, hakuna kitu bora zaidi.

Vya kutupa bila huruma: waya za breki, raba za breki zilizokauka, na gololi zote. Koni ya habu, ile nati inayobana gololi, ikiwa haina mashimo inabaki, ila gololi ziwe mpya, robo inchi kwa nyuma. Mnyororo unapimwa: urefu wa pingili 24 ukiwa mpya ni milimita 304.8; ukifika 306.4, toa, maana utakwangua meno. Na usukani wa alumini wenye mkwaruzo mzito pale unapobanwa, tafadhali usiufunge. Alumini huvunjika ghafla, na uso wako uko juu yake.

Barabarani inatulia. Kwenye kona inashika mstari, na kwenye lami mbovu mikono haichoki haraka, hasa ukiweka tairi pana kadiri fremu inavyoruhusu. Kupanda mlima ni nzito kuliko ya kaboni, hilo lipo. Breki za zamani nazo zinataka umbali zaidi wa kusimama, hasa kwenye rimu za chuma zikilowa, kwa hiyo hapa nimeweka rimu za alumini.

Kama unayo fremu ya aina hii na hujajua hesi zake, niandikie hapo chini upana wa ile neli na nchi ilikotengenezwa, tuanzie hapo.