Tahadhari: "picha za kuchorwa kwa mkono" zinazotoka kwenye mashine

Ndugu zangu wa Nairobi, kuna watu mitandaoni wanatuuzia picha za wapendwa wetu wakidai zimechorwa kwa mkono kwa rangi za mafuta. Kumbe ni picha ya simu iliyopitishwa kwenye programu, ikachapishwa kwenye turubai (kitambaa cha kuchorea), kisha ikapakwa jeli isiyo na rangi ili ukiigusa uhisi mapito ya brashi. Bei wanayotoza ni ya mchoraji.

Mimi nachora sura za watu, ndiyo riziki yangu. Kazi ya namna hii ililetwa kwangu na mama mmoja wa Umoja aliyetaka fremu tu. Ni picha ya marehemu mumewe, futi mbili kwa tatu. Amelipa shilingi 24,000, nusu mwanzo na nusu kabla kijana wa boda hajaukabidhi mzigo. Aliambiwa bei kamili ni 60,000 ila kaangukia ofa ya mwezi. Amenipa ruhusa niyaeleze haya ili mwingine asilizwe.

Niliiweka dirishani. Kilichonishtua kwanza ni kola ya shati. Ilikuwa na vile vijisanduku vinavyotokea picha inapotumwa WhatsApp mara nyingi hadi ikachakaa. Hakuna mchoraji anayeketi kuchora vijisanduku. Halafu jeli yenyewe: pito moja la brashi lilianzia ukutani nyuma ya mzee, likakata sikio, likaishia shavuni, na rangi chini yake haikusogea hata kidogo. Katika kazi ya mkono, rangi na pito huenda pamoja. Brashi ikipinda, rangi inapinda nayo. Nilipoikuza kwa kamera ya simu, ngozi yote ikawa vidoa vidogo vya buluu, waridi na manjano, yaani wino wa mashine ya kuchapisha. Hata sahihi ya mchoraji pale chini ilikuwa vidoa vilevile. Pembeni ambako jeli haikufika nilipitisha pamba yenye maji kidogo, ikatoka nyeusi. Rangi ya mafuta iliyokauka haitoki kwa maji, na akriliki, ile rangi inayokauka haraka, pia haitoki.

Ilibidi nimwambie mama ukweli. Alikuwa ameshaitisha jamaa waje kuiona Jumapili.

Sasa tuje kwenye bei, kwa sababu hapo ndipo wanapotushikia. Picha ya kuagiza hulipiwa kwa ukubwa, idadi ya sura, aina ya rangi, na muda. Penseli ni nafuu kuliko mafuta. Sura mbili si bei ya sura moja, na ukitaka mikono ionekane, jiandae kuongeza, maana vidole vinatusumbua kuliko pua na macho. Picha unayompa mchoraji aiige ikiwa na ukungu, kazi inarefuka, kwa sababu mchoraji analazimika kuuliza familia: jicho hili lilikuwa dogo kuliko lile? Nywele ziliishia wapi? Mchoraji wa kweli atakuuliza maswali hayo. Yule aliyemuuzia mama hakuuliza hata moja. Alitaka picha na pesa tu.

Muda nao unasema. Rangi ya mafuta hupakwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka moja huweza kuchukua siku kadhaa kukauka. Anayekuahidi picha ya mafuta ya futi mbili kwa tatu kwa siku mbili, ikiwa kavu na tayari kufungwa kwenye karatasi, anakudanganya. Akriliki hukauka haraka, kwa hiyo siku chache zinawezekana, lakini basi aseme ni akriliki. Picha ya mafuta iliyomalizika juzi hata harufu yake utaisikia ukiifungua.

Mama alipewa pia cheti chenye muhuri wa dhahabu, eti thamani ya picha ni 60,000 na itazidi kupanda. Hicho cheti kiogopeni kuliko kitu chochote. Picha ya baba yako ina thamani kubwa kwako, na hiyo haina bei. Lakini sokoni, nani mwingine atainunua? Kinachopandisha bei ya sura ya mtu asiyejulikana ni jina la aliyeichora. Na mama alipouliza jina la mchoraji, akajibiwa kwamba "studio ina wachoraji wengi".

Kuchapisha picha kwenye turubai si dhambi. Ukitaka hivyo, maduka ya uchapishaji yapo tele River Road, na utaambiwa waziwazi unanunua nini. Ninachokipinga ni kuitwa kazi ya mkono.

Kabla hujatuma pesa, omba kwenda anakochorea. Akikataa, aweke kipande cha karatasi chenye jina lako na tarehe kando ya turubai likiwa limefika nusu, akupigie simu ya video hapohapo. Video za mikono inayochora zisikuhadae, nyingi zimeibwa kwa wachoraji wengine. Kuombwa malipo ya awali si kosa, hata mimi huomba nusu, ila M-Pesa ikikuonyesha jina usilolijua, uliza kwanza. Na kama hujawahi kuona picha ya mkono kwa karibu, nenda Makumbusho ya Taifa ukazitazame sura alizochora Joy Adamson. Simama karibu, uone brashi ilivyopita.

Aliyekwisha kuumizwa asifute chochote: ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo, tangazo lenyewe. Piga ripoti kituo cha polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kuuza kitu kwa maelezo ya uongo, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 bila kukulazimu kuajiri wakili. Mama ameshaanza safari hiyo, ndiyo maana sitaji jina la muuzaji hapa.

Ukurasa wenyewe umeshabadilisha jina tangu alalamike. Matangazo ni yaleyale: ofa inayoisha "leo usiku", mafuta kwa siku mbili, cheti cha thamani bure. Ukikutana nayo usitume hata shilingi, na umwonye aliyekutumia.