Seti ya matone ya API kwenye bwawa la mwani wa maji ya nguruwe: inaona amonia, haioni mrututu (salfeti ya shaba)

Seti ya kupima amonia ya kampuni ya API imetengenezwa kwa matangi ya samaki wa mapambo. Kwenye bwawa la mwani mdogo linalosafisha maji ya banda la nguruwe nayo inafaa, tena sana, ila kwa masharti matatu: sampuli ichujwe, izimuliwe, na pH ipimwe papo hapo bwawani. Ukiruka moja, namba utakayosoma haina maana.

Maji yanayotoka kwenye mtambo wa biogesi uliolishwa kinyesi cha nguruwe mara nyingi huwa na amonia miligramu 1,000 hadi 4,000 kwa lita. Kipimo hiki kinaishia 8. Hata ukiyazimua mara 20 kabla ya kuyamwaga bwawani, bado una 50 au zaidi, na ukitia matone moja kwa moja utapata kijani kibichi kilichokolea kisichokuambia lolote.

Fanya hivi. Chuja sampuli kwa karatasi ya kuchujia kahawa, mara mbili, maana kipimo kinasomwa kwa rangi ya kijani na mwani nao ni kijani. Kwa bomba la sindano, vuta mililita 1 uchanganye na mililita 49 za maji yaliyotoneshwa. Jaza neli hadi mstari wa mililita 5, tia matone 8 ya chupa ya kwanza, kisha 8 ya chupa ya pili, chupa ikiwa imeelekea chini wima ili matone yalingane. Tikisa kwa nguvu sekunde 5, subiri dakika 5, linganisha na kadi, kisha zidisha kwa 50. Chupa ya pili ina magadi makali na klorini, kwa hiyo usizibe neli kwa kidole. Weka kando neli nyingine ya maji yaleyale bila matone; ikiwa nayo ina rangi ya chai, zimua zaidi. Uchafu mwingi pia hula klorini ya chupa ya pili, na matokeo yanashuka kwa uongo. Lenga usomaji wa 1 au 2, kwa sababu rangi za 4 na 8 zinakaribiana mno.

Namba hiyo ni amonia yote kwa jumla. Inayoua ni amonia huru, ambayo hupenya ndani ya seli na kuharibu mahali mwani unapopasulia maji kutoa oksijeni. Kwa joto la nyuzi 25, amonia huru ni takriban asilimia 5 ya jumla pH ikiwa 8, asilimia 36 ikiwa 9, na 85 ikiwa 10. Bwawa lenye miligramu 50 linatoka chini ya 3 hadi 18 kwa pH kupanda hatua moja tu. Na anayeipandisha ni mwani wenyewe, unapofyonza kaboni dayoksaidi juani. Kwa hiyo pima pH saa nane au saa tisa mchana. Ya asubuhi itakudanganya. Ikifika 8.5, acha kulisha bwawa siku hiyo, ongeza maji, na kesho gawa kipimo cha siku kwa awamu ndogo. Mita ya pH isahihishwe kwa maji maalumu ya pH 7 na pH 10.

Wanaofikiria spirulina, mwani jamaa wa ule unaolisha heroe wa Nakuru na Natron, waelewe kwamba huoteshwa kwenye pH ya 9.5 hadi 10.5. Hapo sehemu kubwa ya amonia ni huru. Anzeni na mwani wa kijani wa Chlorella au Scenedesmus.

Sasa kile ambacho seti hii haitakuonyesha kamwe. Chakula cha nguruwe huongezwa shaba na zinki, na shaba hiyo mara nyingi ni mrututu, dawa ileile inayotumika kuua mwani kwenye mabwawa. Sehemu kubwa hujishika kwenye chembe za kinyesi, ndiyo maana kutuliza na kuchuja tope kabla ya bwawa kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Oksitetrasaiklini, antibiotiki wanayochomwa nguruwe, huvuruga utengenezaji wa protini ndani ya kloroplasti za mwani, na spirulina, kwa kuwa kwa hakika ni bakteria, huumia zaidi. Dawa za kuoshea banda zenye amoniamu kwaternari ndizo mbaya kuliko zote: chini ya miligramu 1 kwa lita inatosha kuangusha bwawa. Maji ya siku ya kuosha banda yasiingie kabisa.

Kwa hiyo pamoja na seti, weka chupa nne za plastiki angavu za lita moja zenye mwani uleule: moja bila maji machafu, nyingine asilimia 2, 5 na 10, kivulini chepesi kwa siku nne, ukizitikisa asubuhi na jioni. Ikiwa amonia huru iko chini na bado chupa ya asilimia 2 inageuka manjano, muulize mwenye banda wiki hiyo alichoma sindano gani.