Walimu wa Muziki wa Nyumbani Dar es Salaam: Gitaa, Fidla na Dai la "Vyombo Vyote"

Matangazo ya walimu binafsi wa muziki jijini Dar es Salaam yanafanana sana: gitaa, kinanda, fidla, ngoma, saksafoni na uimbaji, vyote vinafundishwa na mtu mmoja, nyumbani kwako, siku na saa unayoitaka wewe. Tathmini hii inahusu huduma mbili ambazo familia yangu imezilipia, mimi nikijifunza gitaa na binti yangu wa darasa la nne akijifunza fidla. Ya kwanza ni ya wakala anayeunganisha walimu na wazazi, ambaye sitamtaja jina. Ya pili ni ya walimu wawili tuliowapata baadaye kwa kuulizia kwa watu wa kwaya, kila mmoja na chombo chake. Niseme mapema kwamba ile ya kwanza siipendekezi, na kwamba kasoro yake haikuwa uvivu wala utovu wa adabu wa mwalimu aliyeletwa, bali lile dai la vyombo vyote ambalo wakala alilitumia kumnadi.

Utaratibu wa wakala ulikuwa hivi: unalipa ada ya usajili isiyorudishwa, unalipa masomo ya mwezi mzima, ndipo unapewa jina na namba ya mwalimu. Hakuna somo la majaribio, na ukiuliza mwalimu huyo amejifunzia wapi au anapiga wapi, unajibiwa kwamba ana uzoefu mkubwa wa vyombo vyote. Aliyekuja kwetu alikuwa kijana mpole, mwenye kufika kwa wakati, na alipokaa mbele ya kinanda chetu cha zamani ilidhihirika mara moja kwamba hapo ndipo alipo nyumbani, kwa sababu alicheza wimbo wa ibada katika funguo tatu tofauti, yaani akiihamisha do mara tatu, bila kusita. Ningekuwa natafuta mwalimu wa kinanda, tathmini hii ingekuwa fupi na ya sifa tupu.

Gitaa alilijua kama mpiga kinanda anavyolijua. Alinieleza vizuri kwamba kodi ya C, yaani sauti zinazopigwa pamoja, imeundwa na C, E na G, akanichorea mahali pa kubana, akaniambia nifanye mazoezi ya kutoka C kwenda kodi ya A maina mpaka mkono uzoee. Jambo ambalo hakunieleza, na ambalo mpiga gitaa yeyote hulijua mkononi, ni kwamba katika safari hiyo kidole cha shahada na cha kati havibanduki kabisa. Kinachohama ni kidole cha pete peke yake, kutoka uzi wa tano kwenda wa tatu. Mimi nilikuwa nainua vidole vyote vitatu na kuvitua upya kila mara, naye aliketi akihesabu mapigo kwa uvumilivu mkubwa huku kosa lenyewe likiendelea mbele ya macho yake. Mkono wa kushoto wa mpiga gitaa haukuwa kitu alichozoea kukitazama.

Kwenye fidla madhara yalikuwa makubwa zaidi, kwa kuwa mtoto hushika anachofundishwa na kukiachia ni kazi. Nyuzi za G, D, A na E alizilinganisha sawasawa kwa programu ya simu, na alama za vidole alizibandika mahali pake. Upinde ndio uliomshinda. Alimwacha binti yangu aushike kwa ngumi, kidole gumba kimenyooka na kidole kidogo kimekakamaa, na sauti ilipotoka ya kukwaruza akasema itakaa sawa kadiri siku zinavyokwenda. Mwalimu wa fidla tuliyempata baadaye aliutazama mkono ule kabla hata sauti haijatoka, akaomba upinde uwekwe pembeni, akampa mtoto penseli. Somo zima la kwanza lilikuwa la kushika penseli, gumba limekunjwa, kidole kidogo kimejipinda juu yake, na mtoto akaagizwa akae nayo hivyo hivyo hata anapotazama runinga.

Sidai kwamba haiwezekani mtu mmoja kufundisha vyombo zaidi ya kimoja. Inawezekana, lakini ndani ya ukoo, na mnunuzi wa huduma hii anafaa kuujua ukoo huo kabla hajatoa hela. Gitaa la besi lina nyuzi nne ambazo majina yake ni yale yale ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, sauti ikiwa chini kwa oktava moja, yaani kutoka do hadi do inayofuata. Ukulele ina uhusiano wa nyuzi ule ule wa nyuzi nne nyembamba za gitaa, isipokuwa uzi wake wa nne kwa kawaida hupandishwa oktava. Kwa hiyo mwalimu wa gitaa akikwambia anafundisha pia besi na ukulele, huna sababu ya kumtilia shaka. Fidla iko ukoo mwingine kabisa: nyuzi zake zimepishana kwa sauti ya tano wakati za gitaa zimepishana kwa sauti ya nne isipokuwa mahali pamoja, haina freti, vile vichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, na nusu ya kazi iko kwenye upinde. Udi wa taarabu nao, ijapokuwa unafanana na gitaa kwa macho, hauna freti, na una maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, zenye sauti ambazo hazimo katika kinanda cha kawaida, kwa hiyo mpiga gitaa asiyewahi kukaa na wapiga udi atakufundisha gitaa kwenye chombo kisicho gitaa. Mpiga kinanda ana faida ya kuijua nadharia, na nadharia hiyo inahamia kwenye vyombo vyote. Mikono ndiyo haihami.

Mwalimu wa gitaa tuliye naye sasa anapiga rizimu, gitaa la kusindikiza, katika bendi ya dansi mwishoni mwa wiki na gitaa la kwaya Jumapili asubuhi. Somo la kwanza, ambalo hulitoza nusu bei ili kila upande umpime mwenzake, halikuanza kwa kupiga chochote. Alilichukua galatoni langu, gitaa kavu lisilo la umeme, la nyuzi za chuma, akafumba jicho moja na kuangalia shingo kutoka juu hadi chini, akabana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa wakati mmoja, akatikisa kichwa. "Mama, hili gitaa linakuonea," akasema. Nyuzi zilikuwa juu mno. Akazilegeza, akautoa mfupa wa daraja unaobeba nyuzi, akausugua upande wa chini kwa msasa, akaurudisha na kupima tena, hadi nyuzi kwenye freti ya 12 zikakaa kati ya milimita 2 na 3. Ile kodi ya F iliyokuwa ikiniumiza vidole bila kulia ililia siku hiyo hiyo, ingawa si nyuzi zote. Wengi wanaoacha gitaa katika miezi ya mwanzo wakiamini hawana kipaji naona wameshindwa na chombo kibovu, na mwalimu asiyekagua chombo cha mwanafunzi wake siku ya kwanza ningemhesabu kuwa hajaanza kazi.

Baada ya hapo aliniambia niimbe wimbo ninaotaka kuupiga. Nikaimba. Akautafuta ufunguo kwa sikio, akaona uko kwenye F kama zilivyo nyimbo nyingi za ibada, akafunga kapo, kibanio cha shingoni, kwenye freti ya tatu na kunionyesha kwamba nikipiga maumbo ya D, G na A hapo, sauti zinazotoka ni F, B flati na C. Kodi tatu nyepesi, wimbo mzima. Kwa kuwa nimelelewa kwenye kwaya na nasoma do-re-mi, hakuniingizia majina mapya. Alinitajia kodi kwa nafasi zake, ya do, ya fa na ya so, jambo lililofanya nyimbo nyingine zifunguke zenyewe katika ufunguo wowote. Mwalimu anayejenga juu ya kile ambacho mwanafunzi tayari anacho hurahisisha mno kazi, na nchini kwetu watu wenye solfa kichwani ni wengi kuliko wanaosoma nota za mistari mitano.

Msimamo wake juu ya mtindo una ukali kidogo, nami naukubali kwa sehemu kubwa. Wanafunzi wengi humjia wakitaka solo, wakimtaja Mbaraka Mwinshehe au wapigaji wa Kongo, naye huwarudisha kwenye rizimu na kuwalazimisha wasikilize lile gitaa la nyuma ambalo hakuna anayelikumbuka jina la mpigaji wake. Hoja yake ni kwamba solo ya sebene imesukwa kwa jozi za nyuzi zinazokwenda pamoja kwa sauti ya tatu au ya sita, na jozi hizo zimo tayari ndani ya kodi za rizimu. Asiyezijua kodi hizo shingo nzima ataikariri solo bila kuielewa. Kwa wanaopendelea galatoni peke yake huanza na mtindo wa Katanga, ule wa mpiga gitaa wa Kongo Mwenda Jean Bosco, wa kidole gumba na cha shahada tu, gumba likishika besi huku shahada ikiimba juu. Inasikika rahisi. Mimi bado gumba langu hufuata shahada popote inapokwenda, kwa hiyo sina la kujivunia hapo.

Mwalimu wa fidla alijifunzia Zanzibar, katika chuo cha Dhow Countries Music Academy kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na amewahi kupiga taarabu. Anafundisha nota za kawaida na pia namna ya kuteleza na kupamba sauti kitaarabu, lakini mambo hayo mawili huyatenganisha ili mtoto asichanganyikiwe. Alikagua pia ukubwa wa fidla, akaona tumenunua ya 4/4 ya mtu mzima, akatuelekeza tutafute ya 1/2. Mkono wa mtoto ulionyooshwa haukufika kwenye kichwa cha chombo. Nilipomwuliza kama angeweza pia kumfundisha mdogo wangu udi, alikataa. "Udi si chombo changu, dada, nitakutafutia mpiga udi," akajibu. Jibu hilo lilinipa imani naye kuliko cheti chochote.

Kuhusu vyeti nitasema kidogo. Wapo walimu wazuri waliopita Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Makumira kule Arusha, na wapo wazuri waliofundwa na bendi tu. Cheti kina uzito mahsusi pale unapotaka mitihani ya kimataifa kama ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, yenye ngazi ya 1 hadi ya 8, ambayo kuanzia ngazi ya 6 humtaka mtahiniwa awe kwanza amefaulu nadharia ya ngazi ya 5 au mbadala wake unaokubalika. Tangu 2020 baadhi ya mitihani hiyo inaweza kufanywa kwa kurekodi video. Mwalimu wangu wa gitaa hafai kwa safari hiyo, na mwenyewe husema hivyo. Hasomi nota za mistari kwa kasi inayotakiwa. Mwalimu wa fidla anafaa.

Masomo kwa njia ya intaneti tuliyajaribu wakati wa mvua. Kwa nadharia na kusahihisha mkao yanatosha. Kupiga pamoja hakuwezekani kwa sababu sauti huchelewa, na programu nyingi za mikutano huikata sauti ya uzi unaofifia zikidhani ni kelele, mpaka ubadilishe mpangilio wake wa sauti.

Gharama kwa sasa ni shilingi 30,000 kwa saa moja ya gitaa na 40,000 kwa fidla, nauli ikiwa ndani, na tunalipa baada ya kila somo. Mtoto husomea sebuleni, mlango wazi, nami nikiwa jirani, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Kwa wakala tulilipa pungufu kwa kila saa, lakini ukijumlisha ada ya usajili na masomo yaliyoahirishwa ambayo hayakufidiwa, tofauti inatoweka.

Kasoro ya mwalimu wa gitaa ni ratiba. Bendi ikipata harusi, Jumamosi yako imekwenda, na hutoa taarifa Ijumaa jioni. Kuanzia katikati ya Desemba hadi mwaka mpya, na wiki nzima ya Pasaka, hapatikani kabisa. Somo lililofutwa hulifidia, mara nyingine kwa saa na nusu. Anayeweza kusoma Jumanne au Jumatano jioni ampigie yeye. Mwenye nafasi Jumamosi peke yake atafute mpiga gitaa asiye na bendi.