The Lodge (2019): baridi tunaipata, hofu inayeyuka njiani

Nafichua kila kitu, mwisho ukiwemo. Kama bado hujaiona filamu hii ya hofu na unataka kuiona, ishia hapa.

Mwanzo wake sina la kuukosoa. Laura (Alicia Silverstone) anaambiwa na mumewe Richard kwamba sasa talaka ikamilike, maana anataka kuoa. Anarudi nyumbani, anakaa mezani, anajipiga risasi. Hupewi onyo lolote, na hadi filamu inakwisha hakuna tukio jingine linalofikia lile. Miezi sita baadaye watoto wake, Aiden na Mia, wanapelekwa kwenye nyumba ya mapumziko katikati ya theluji, wakale Krismasi na huyo mchumba wa baba, Grace. Kisha baba anarudi mjini kazini na kuwaacha naye. Grace mwenyewe ni manusura pekee wa dhehebu lililojiua kwa halaiki, kiongozi akiwa baba yake mzazi. Riley Keough kamcheza vizuri mno, hasa kwa kujizuia: tazama anavyoikwepa kwa macho picha ya Bikira Maria iliyo ukutani.

Picha nazo ni za fundi. Mpigapicha Thimios Bakatakis, aliyepiga pia filamu ya The Lobster, anaacha nafasi kubwa tupu juu ya vichwa vya watu, dari inawakandamiza. Kuna pia nyumba ndogo ya wanasesere, na vyumba vyake vinafanana na vyumba halisi kiasi kwamba kwa sekunde mbili tatu hujui unatazama vyumba vipi.

Sasa kasheshe. Wanalala na kipasha joto cha gesi kikiwaka ndani. Asubuhi nguo hazipo, chakula hakipo, mapambo ya Krismasi hayapo, dawa za Grace na mbwa wake havionekani, jenereta imezimika, simu hazina chaji, saa inaonyesha tarehe 9 Januari. Aiden anadai kaota gesi imewaua usiku. Wazo lenyewe zuri, na kwa msomaji anayejua jiko la mkaa linavyoua watu ndani ya chumba kilichofungwa halihitaji maelezo: je, hawa ni wafu wasiojijua?

Jibu ni hapana. Watoto ndio waliofanya yote. Walimlevya Grace kwa dawa, wakaficha vitu chini ya sakafu, wakamchezea mahubiri ya baba yake kwenye spika isiyo na waya, wakaandaa hadi habari ya gazeti kuhusu vifo vyao. Aiden akajifanya kujinyonga.

Hapo ndipo hesabu inapokataa. Hofu ya kisaikolojia inaishi kwa jambo moja: ukirudia filamu, kila kiini macho kiwe na mkono uliokifanya. Hapa mikono ni minne, miwili ya mtoto mdogo kabisa, na kazi ni ya usiku mmoja: kuhamisha friji nzima ya chakula, nguo za watu watatu na mapambo yote, bila kudondosha hata sahani. Gazeti na fremu ya picha inayoonyesha Aiden na Mia kama marehemu ni vitu vya kutayarishwa mjini mapema, yaani mpango ulikuwepo kabla ya safari. Lakini mpango huo ulitegemea baba aondoke, Grace alale fofofo, na theluji izibe njia. Filamu haituonyeshi hata dakika moja ya kazi hiyo. Kwa hiyo siri inapofichuka hushtuki. Unaanza kuuliza maswali ya fundi wa kuhamisha fanicha.

Kosa la pili ni Richard. Alimfahamu Grace kwa sababu alichunguza dhehebu lile, na bado anamwachia bastola na watoto wanaomchukia. Huyo ni mtu aliyeandikwa ili hadithi isogee tu.

Baada ya watoto kuungama ndipo Keough anabebeshwa mzigo wote: Grace ameshaamini wako toharani, yaani mahali pa roho za wafu kutakaswa, mbwa kafa kwa baridi, Richard anarudi na kupigwa risasi. Anatisha kweli, ila filamu ya dakika 108 imekwisha kutumia muda mrefu kwenye fumbo lisilosimama.

Mazungumzo mengi ni ya kunong'ona na vyumba vina giza, hivyo kwenye simu mchana utaambulia kioo cheusi. Mwenye moyo mwepesi kwa mbwa aiache kabisa. Na ukitaka kuona Veronika Franz na Severin Fiala, waongozaji hawa hawa, wakifunga fumbo la watoto na mama bila kuvuja, tafuta Goodnight Mommy ya Austria ya 2014, si ile iliyorudiwa Marekani.