Santuri za Grant Green: uanze na ipi, na kwa nini uangalie tundu kabla ya jalada

Wasomaji wanaonunua santuri za Grant Green, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, wanalalamikia jambo lilelile. Sahani imefika safi, haina mkwaruzo, jalada zima, lakini ogani inayumba kama mlevi anayerudi nyumbani. Fundi anabadilisha mkanda wa mtambo, anabadilisha sindano, ogani bado inayumba. Kosa halimo mtamboni. Tundu la katikati limetobolewa pembeni.

Mikwaruzo, kupinda na jalada kuchanika kila mtu anajua kuangalia, kwa hiyo nayaruka. Tundu ndilo linalosahaulika. Sahani ya mizunguko 33⅓ kwa dakika huzunguka mara moja kila sekunde 1.8. Tundu likihama nusu milimita tu, mkono wa sindano utacheza milimita moja nzima, nje na ndani, na sauti itapanda na kushuka kwa mwendo huohuo. Kwenye mifereji ya nje kupotoka ni kama asilimia 0.3, na wengi hawatasikia. Kwenye mifereji ya ndani, karibu na lebo, kunafika asilimia 0.8, yaani karibu sehemu moja ya saba ya nusu-sauti (hatua ya kitufe kimoja cha piano hadi kinachofuata) kwenda juu, kisha kiasi hichohicho kwenda chini. Ndiyo maana wimbo wa mwisho wa kila upande huumia zaidi.

Kwa Grant Green jambo hili lina uzito wa pekee. Alizaliwa St. Louis, Missouri, tarehe 6 Juni 1935. Mpiga saksafoni Lou Donaldson alimsikia huko akampeleka New York kwa Alfred Lion wa kampuni ya rekodi za jazi Blue Note, na tangu 1961 hadi 1965 hakukuwa na gitaa lililorekodiwa pale zaidi ya lake. Alipiga noti moja moja, kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa nadra sana, kwenye Gibson ES-330. Mpiga gitaa mwenzake George Benson alieleza kwamba Grant alizima besi na sauti kali kwenye amplifaya, akapandisha ya kati hadi mwisho. Noti za namna hiyo ni fupi na kavu: zinaisha kabla sahani haijamaliza mzunguko, kwa hiyo gitaa lake linaficha tundu bovu. Wanaoumbuka ni wenzake. Ogani ikishika kodi moja kwa sekunde nne, utasikia mizunguko miwili ya kuyumba. Vibrafoni, ile marimba ya vyuma, nayo haifichi kitu. Basi mpangilio wangu unafuata nani amekaa pembeni yake.

Namba moja ni Idle Moments, na chukua toleo la Classic Vinyl, mfululizo wa matoleo mapya ya Blue Note. Ilirekodiwa Novemba 1963 katika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey, akiwamo Joe Henderson kwenye saksafoni, Bobby Hutcherson kwenye vibrafoni na Duke Pearson kwenye piano. Wimbo wenye jina la albamu, aliotunga Pearson, unakaribia dakika 15 kwa sababu Grant alipiga mizunguko ya wimbo mara mbili ya walivyopanga na wenzake wakamfuata. Lion aliuacha hivyohivyo, wakarudi tarehe 15 kurekodi upya nyimbo mbili nyingine kwa ufupi ili zote zienee. Bahati yako ni kwamba wimbo huo mrefu uko mwanzo wa upande A, kwenye mifereji ya nje inayosamehe. Pa kuchunguza ni upande B, dakika za mwisho za Nomad. Vibrafoni ikikaa palepale, sahani yako ni nzima.

Ya pili ni Nigeria, toleo la Tone Poet, mfululizo mwingine wa Blue Note. Nakiri upendeleo: kwa Blue Note napenda Tone Poet kuliko toleo lolote jingine jipya. Kevin Gray anakata mifereji ya sahani kutoka tepu za asili chini ya usimamizi wa Joe Harley, na jalada ni zito la kukunjua. Ni ghali, ndiyo. Lakini muziki huu wa Januari 1962, na Sonny Clark, Sam Jones na Art Blakey, ulikaa kabatini hadi 1980, kwa hiyo hakuna toleo la miaka ya 60 la kukutamanisha. Piano inafifia haraka kuliko ogani, hatari ni ya wastani.

Green Street ya 1961 ndiyo ya kununua mtumba bila woga. Ni gitaa, besi ya Ben Tucker na ngoma za Dave Bailey, basi. Hakuna chombo kinachoshika sauti kwa muda mrefu, na hata tundu lililohama kidogo halitakusumbua. Ukitaka kujua mkono wa Grant ulivyo bila mtu wa kuufunika, ni hapa.

Talkin' About! na Street of Dreams, zote za mwisho wa 1964, zina Larry Young kwenye ogani na Elvin Jones kwenye ngoma. Kwa muziki mtupu ningeziweka juu. Nimezishusha kwa sababu Young hushika kodi ndefu, na hakuna sahani zinazoadhibu tundu bovu kama hizi. Usilipe kabla ya kupima.

Kupima ni rahisi. Shusha sindano kwenye wimbo wa mwisho, inamisha macho usawa wa sahani, simamisha rula nyuma ya kichwa cha mkono. Mkono ukicheza chini ya nusu milimita, chukua sahani. Ukifika milimita moja, rudisha. Usipoweza kurudisha, tumia tupa nyembamba ya mviringo: zungusha sahani kwa mkono hadi sindano iwe mbali kabisa na katikati, inua sindano, weka alama kwenye lebo upande wa tundu unaoielekea sindano, kisha toa sahani na usugue ukingo huo tu. Kiasi cha kusugua ni nusu ya mchezo uliopima; ukisugua milimita nzima umepitiliza. Funika mifereji kwa kitambaa, maana vumbi la plastiki likiingia humo halitoki kirahisi. Ukirudisha sahani, isukume iondoke upande wa sindano, upime tena.

Alive! ilirekodiwa tarehe 15 Agosti 1970 Cliche Lounge, Newark, baada ya Grant kupotea miaka kadhaa kwa sababu ya dawa za kulevya. Hapa ni fanki, Ronnie Foster kwenye ogani, Idris Muhammad kwenye ngoma. Makundi ya hip-hop A Tribe Called Quest na Us3 yalichota vipande vya muziki humo, na tangu hapo nakala za zamani zimepanda bei ambayo muziki peke yake hauielezi. Nunua toleo jipya.

Za bei ya chini: CD za Ulaya zinazobana albamu nne pamoja hutegemea rekodi zilizotoka kabla ya 1963, ambazo hakimiliki yake huko imeisha. Ziache. CD halali ya Idle Moments ni jambo jingine: ina pia zile nyimbo mbili zilizorekodiwa upya, kama zilivyokuwa kwa urefu tarehe 4 Novemba, na CD haiyumbi.

Na wauzaji wa mtandaoni! Wanaona RVG (herufi za Rudy Van Gelder) imechorwa karibu na lebo, wanaona ile P ya kiwanda cha Plastylite inayofanana na sikio, wanaandika mamia ya dola. Alama hizo zinakuambia nani alikata na wapi iligandamizwa kabla ya 1966, hazisemi lolote kuhusu tundu. Daraja la VG+ ("nzuri sana na zaidi") wanalitoa kwa kutazama sahani chini ya taa, bila kuipiga. Mwambie akutumie video ya sekunde kumi, mkono ukiwa kwenye wimbo wa mwisho. Akikataa, mwachie sahani yake.