Kalenda ya Google kwa ofisi za ng'ambo: saa inazijua, jioni yako haijali

Chukua mkutano mmoja wa kila Jumatano. London wameuweka saa 2:00 asubuhi, Sydney wako upande wa pili wa skrini. Mwezi Julai Sydney wanaingia saa 11:00 jioni, wanamaliza, wanakwenda zao. Januari mkutano uleule, kwenye kalenda ileile, unawakuta saa 1:00 usiku. Hakuna aliyeugusa. Aliyekuwa na mazoezi ya mpira au mtoto wa kuchukua ndiye anayegundua kwanza, na kwa kawaida anagundua siku yenyewe.

Kosa si la programu. Kila tukio linalojirudia hufungwa kwenye saa za eneo la aliyelianzisha, na Kalenda ya Google hufuata hapo kwa uaminifu. Uingereza wakirudisha saa nyuma kwa majira ya baridi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Sydney wanakuwa wameshaisogeza mbele kwa majira yao ya joto tangu Jumapili ya kwanza ya mwezi huo. Tofauti yao inatoka saa 9, inapita 10, inafika 11. Kati ya New York na London mambo ni madogo zaidi ila yanaudhi vilevile: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na Ulaya Jumapili ya mwisho, kwa hiyo mwaka 2026, kuanzia tarehe 8 hadi 29 Machi, tofauti ni saa 4 badala ya 5. Inajirudia kwa wiki moja mwishoni mwa Oktoba. Wiki hizo ndizo watu wanaingia kwenye vikao vitupu.

Kwa hesabu hii programu inastahili sifa. Mexico ilipoacha kusogeza saa sehemu kubwa ya nchi mwaka 2022, Misri ilipoanza tena 2023, na Morocco inaporudi nyuma saa moja kila Ramadhani, mfanyakazi hahitaji kujua lolote, mradi serikali itangaze mapema. Lebanon, Machi 2023, serikali ilibadili uamuzi mara mbili ndani ya siku chache. Hapo hakuna kalenda ya kulaumiwa.

Kuna dawa ambayo wengi hawaitumii. Ukitengeneza tukio kwenye kompyuta, fungua ukurasa wake kamili; pembeni ya saa kuna kiungo cha saa za eneo. Ukichagua saa ya ulimwengu, UTC, ambayo haisogezwi kamwe, badala ya London, na kuweka 07:00, maumivu yanagawanywa: London wanaanza saa 1:00 asubuhi wakati wa baridi na saa 2:00 wakati wa joto, Sydney wanapata saa 12:00 jioni kwa majira yao ya joto na saa 11:00 kwa baridi. Kila upande unasogea saa moja, hakuna anayebeba mbili peke yake. Makao makuu hawatapendekeza hili wenyewe. Mwenye kuumia ndiye aombe, na aombe kabla mfululizo haujaanza, maana ukibadilisha katikati, mialiko mipya inamwagika kwa kila mtu na majibu ya zamani huenda yakahitaji kutolewa upya.

Kwenye mipangilio washa pia saa za eneo la pili, uzipe lebo fupi (LON, NYC), zitokee pembeni ya zile za kwako. Mwenye ofisi tatu au zaidi aongeze saa ya dunia, inakaa upande wa kushoto. Na kwa anayefikiri kwa Kiswahili: chagua muundo wa saa 24. Programu huhesabu kutoka usiku wa manane, hata ukiitumia kwa Kiswahili, na "2:00" ya skrini, yaani saa nane, ukiisoma haraka ukiwa na usingizi inageuka saa mbili. 14:00 haiwezi kukudanganya hivyo.

Mtego mkubwa uko kwenye simu. Simu ikiwa imewekwa kufuata saa za mahali ulipo, tukio utakaloanzisha ukiwa safarini hufungwa huko. Mtu anapita Dubai, anasubiri ndege, anaweka kikao cha timu cha kila wiki. Dubai hawasogezi saa kamwe. Miezi michache baadaye timu nzima ya London inajiuliza kwa nini kikao kimeruka saa moja na hakuna anayekumbuka uwanja wa ndege. Vikao vya kujirudia viandikwe kwenye kompyuta, na saa za eneo zikaguliwe kwa jicho.

Sasa upande ulio dhaifu, ambao ndio wenye jioni yako.

Akaunti za kazini zina sehemu ya saa za kazi. Unaweza kuweka kila siku peke yake, na kuigawa siku moja vipande viwili, jambo linalomfaa anayefanya kazi asubuhi, kupumzika alasiri, kisha kurudi usiku kwa simu za Marekani. Ofisi ya Saudi Arabia inaweka Jumapili hadi Alhamisi na kuiacha Ijumaa wazi. Vizuri sana. Lakini saa za kazi ni ombi tu. Anayekualika nje ya saa hizo anaonyeshwa onyo, na akibonyeza kutuma, mwaliko unatua kwako kama kawaida. Watu wengi wamejaza sehemu hii, wakajiona wamefunga mlango, kumbe wamebandika karatasi ya "tafadhali".

Kinachokataa kweli ni tukio la aina ya kutokuwepo ofisini. Hilo hujibu mwaliko kwa niaba yako, na linaweza kujirudia kila wiki. Jumanne na Alhamisi, 18:00 hadi 21:00, basi. Chagua likatae mialiko mipya pekee; ukiruhusu liguse na iliyopo, litafuta kukubali kwako kwenye vikao ulivyokwisha kuahidi, na kila mwenye kikao atapata barua. Usilitandaze wiki nzima pia, kwa sababu wenzako wanaokuandikia wakati huo wanaonyeshwa kwamba haupo, na baada ya mwezi hakuna atakayeamini hata ukiwa likizo kweli.

Likizo yenyewe ina kosa lake, na hili ndilo linalowapata wengi kuliko yote. Tukio la siku nzima, kama hukuligusa, huhesabiwa kuwa uko huru. Unaandika "Likizo" siku kumi, rangi nzuri juu ya ukurasa, na anayetafuta nafasi anakuona mweupe kabisa. Fungua tukio, badilisha hali iwe na shughuli, au tumia lile la kutokuwepo ofisini tangu mwanzo. Kalenda za sikukuu za nchi zina tabia hiyohiyo: ukiziongeza unaona wewe sikukuu za wenzako, ila hazikuzuii wewe kwa wengine. Sikukuu ya nchi yako lazima uiandike mwenyewe. Makao makuu hawaijui.

Mambo ya starehe, mazoezi, kwaya, miadi ya daktari, yaandike kwenye kalenda ya kazini kama tukio la faragha. Wenzako wataona una shughuli, basi. Ila mwenye ruhusa ya kuhariri kalenda yako, kwa mfano katibu wa kitengo, anasoma kichwa cha tukio kama kilivyo. "Miadi" inatosha, usiandike ugonjwa.

Arifa ndizo zinazoharibu chakula cha jioni kuliko mikutano. Kuna kisanduku kwenye mipangilio kinachofanya ukumbushwe tu vikao ulivyojibu ndiyo au labda. Kiwashe. Na pale kwenye kuongeza mialiko kalendani, chagua iingie kutoka kwa watumaji unaowajua pekee, au baada ya wewe kujibu. Vikao vifupi navyo vina kitufe chake: dakika 30 zinakuwa 25, saa nzima inakuwa dakika 50. Outlook ya Microsoft hapa imeizidi, kwa kuwa inaweza pia kuchelewesha mwanzo badala ya kukata mwisho, na vikao huisha kwa wakati vinapochelewa kuanza kuliko vinapoahidi kuisha mapema. Aliyewahi kuendesha kikao anajua.

Ufaransa tangu 2017 na Australia tangu Agosti 2024 zina sheria zinazompa mfanyakazi haki ya kutofuatwa na kazi nje ya saa zake, kila moja kwa masharti yake. Kalenda haijui sheria hizo. Mwaliko wa saa 4:00 usiku unaingia Paris sawasawa na unavyoingia kwingine.

Kwa saa za dunia, nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa kulinda muda wa mtu, mbili, na moja ya hizo ni ya lile tukio la kutokuwepo ofisini. Kama msimamizi wa mfumo wa kampuni anaweza kufanya jambo moja tu, aandike waraka wa nusu ukurasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, wenye tarehe ambazo kila ofisi inasogeza saa na orodha ya vikao vitakavyoruka.