Waliniandikia sifuri: uzoefu wangu na watu wa vifurushi

Nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana wa pikipiki. Waliobaki wagawane patupu.

Mimi na dada yangu tuna mchezo wetu. Kila wiki mmoja anamtumia mwenzake kitu alichokitengeneza kwa mkono, na humo ndani anatia karatasi moja ya jambo alilokutana nalo wiki hiyo: wimbo, jengo, namna watu wa mahali fulani wanavyosuka vikapu, chochote kilichomkosesha usingizi. Sharti ni moja tu, hakuna kununua. Tulianza baada ya kugundua kwamba simu zetu zimebaki za mafua ya watoto na nani kagombana na nani. Picha tulijaribu, tukaacha. Picha ya kitambaa huwezi kuipapasa.

Kampuni sitaitaja, nisije nikaongezewa kesi juu ya hasara. Na kusema haki, kwa miezi mingi sikuwa na neno nao. Vifurushi vilifika, tena mapema.

Sasa sikia. Dada ndiye aliyeanzisha. Kuna wiki alinitumia karatasi kuhusu kile kitambaa cha Bayeux, kule Ufaransa, chenye urefu wa karibu mita 70, kinachosimulia jinsi Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walivyoivamia Uingereza mwaka 1066. Wenyewe wanakiita kwa jina la vitambaa vya kufumwa, kumbe kimedariziwa, uzi wa sufu juu ya kitani. Kuna mahali watu wamenyoosha vidole juu: wanaishangaa nyota yenye mkia. Ni ile ya Halley, iliyopita mwaka huo huo wa vita, mara ya mwisho ikaonekana 1986, na inatarajiwa 2061. Chini ya karatasi dada aliandika: “2061 nitakuwa nimeshakuwa kikongwe, macho hayaoni. Nidarizie yangu sasa.”

Nikamdarizia. Nilitaka niufuate mshono wenyewe, si wa kubabaisha. Unalaza nyuzi za sufu ubavu kwa ubavu mpaka umbo lote lijae, kisha unapitisha nyuzi nyingine juu yake kwa kukatiza, na hizo za juu ndizo unazozibana kwenye kitani kwa vishono vidogo vidogo. Unapendeza ajabu, maana uzi karibu wote unabaki upande wa mbele, hakuna unaopotea nyuma. Ila uzi wa chini hauna kingine kinachoushika. Ukikata ule wa juu, wa chini unalegea wote. Shika hilo, tutalirudia.

Jioni ngapi zilikwenda sikuhesabu. Mkia peke yake niliufumua mara mbili kwa sababu rangi ya njano ilikuwa imepauka.

Kaunta nilimkuta kaka mmoja, simu sikioni.

“Ndani kuna nini?”

“Kitambaa. Nimekidarizi.”

“Risiti?”

“Sijakinunua, nimekitengeneza mwenyewe.”

“Aa. Basi hakina thamani. Naweka sifuri.”

Hata uso hakuinua. Nami, kosa langu hilo nalikubali, nilicheka, nikasaini. Unajua unavyocheka mtu akikudharau mbele ya foleni na huna jibu la haraka? Nyuma yangu alisimama mtu na simu mpya kwenye boksi lake. Yeye alivishiwa sponji, akabandikiwa karatasi nyekundu ya KINAVUNJIKA. Mimi nikabandikiwa namba.

Siku chache baadaye dada akapiga, sauti ina kicheko. “Mdogo wangu, umenipatia! Hata kipande cha mwisho umekikata kama kile chenyewe!” Sikumwelewa. Kumbe kitambaa cha Bayeux mwisho wake umepotea, kinakatikia njiani. Akadhani nimefanya makusudi, utani wa wajuzi. Nikamwambia afungue kamera.

Wembe ulikuwa umepita kwenye boksi, ukapita kwenye karatasi, ukapita kwenye mkia wa nyota yangu. Kovu refu kama kidole cha shahada. Na kwa ule mshono niliokueleza, hasara haikubaki pale palipokatwa. Nyuzi za njano zilikuwa zimeachia kushoto na kulia, zimesimama kama nywele za mtu aliyeamshwa usiku.

Nikarudi. Kaka yule yule. Akanigeuzia skrini nijisomee. “Mfumo unasema sifuri, dada. Fidia inafuata thamani uliyoandikisha.” Niliyoandikisha mimi! Nikamwambia aliyeandika ni yeye. Akanijibu, na maneno haya nimeyabeba mpaka leo: “Lakini kitambaa si kimefika?”

Nilimwambia kitu ambacho hapa siwezi kukiandika.

Sasa yule kijana wa pikipiki. Ndiye anayeleta vifurushi vya dada hapa kwangu, na siku hiyo alinikuta bado nimevimba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Akaniambia ghalani wanafungua baadhi ya mizigo kuikagua, na ikiwa imezungushiwa selotepu nyingi hawana la kufanya ila wembe. Nikanyong’onyea. Mimi huzungusha selotepu mara tatu, nne, mpaka boksi linang’aa, nikidhani ndiyo kulinda. Kwa hiyo basi huenda nimeuita wembe mwenyewe. Nusu saa nzima nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu na kuomba radhi.

Halafu nikajiuliza, mbona siku zote hizo hakuna aliyeniambia? Kaka wa kaunta aliliona boksi linang’aa vile. Alikuwa na mdomo wa kusema sifuri, wa kusema punguza selotepu ukakosekana.

Dada naye, Mungu ambariki, wiki iliyofuata akaniletea karatasi ya kintsugi, ufundi wa Wajapani wa kuunga vyombo vya udongo vilivyovunjika kwa utomvu wa lakari na kuupaka ufa unga wa dhahabu. Akasema tushone lile kovu kwa uzi unaong’aa. Nikakataa. Kintsugi ni nzuri kikombe kikikuponyoka mwenyewe. Sitaki kumpambia mtu wembe wake.

Alikaa kimya kidogo, kisha ikaja kamba. Kamba nene ya pamba aliyoisokota mwenyewe, na kutoka kwake unaning’inia uzi mmoja wenye mafundo manne yaliyokaribiana, na chini ya mafundo patupu. Karatasi ilieleza kwamba Wainka wa milima ya Andes, kule Amerika ya Kusini, waliweka hesabu zao hivyo, wakiziita khipu: mamia juu, makumi chini yake, na mamoja karibu na ncha. Mafundo manne mahali pa makumi ni arobaini, kwa kuwa tumeshatumiana vifurushi arobaini.

Nikampigia. “Na huku chini mbona hujafunga kitu?”

“Hapo ndipo ilipo sifuri. Hawakuifungia fundo, waliiachia nafasi yake. Ukija ukafunga fundo hapo, hesabu imekuwa nyingine.”

Nilikaa na uzi ule mkononi muda mrefu, nikipapasa pale patupu kwa kidole gumba. Hasira haikuisha, nisikudanganye. Lakini ilipata pa kukaa.

Kamba hiyo ilisafirishwa na kampuni hiyo hiyo, tena imefika salama, kwa wakati, ikaletwa na kijana yule yule, aliyesubiri nifungue kwanza ndipo akaondoka. Kwa hiyo nyota mbili. Tuseme mbili.

Ningeishia hapo, ila juzi nilipiga simu ofisi yao kuu kwa jambo jingine kabisa, nikaongea na mama mmoja mpole. Nikamuuliza hivi hivi tu: mtu akituma kitu alichokitengeneza mwenyewe, thamani anaandikaje? Akaniambia ni rahisi, leta risiti za vifaa, uzi, kitambaa, sindano, unajumlisha na fomu inakubali. Kila mfanyakazi wa kaunta amefundishwa hilo.

Rudisheni ile nyota. Risiti za uzi ninazo zimejaa kopo zima, na siku ile mbili zilikuwa ndani ya pochi yangu. Alichoniuliza ni risiti ya kitambaa tu.